Kisu Kikishapita: Mionzi na Usalama wa Matunda na Mboga za Kukata

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wetu wa manispaa, mama zangu na dada zangu mnaouza matunda na mboga, vijana wa chuo, wageni waalikwa wote: itifaki imezingatiwa.

Leo tarehe 7 Juni dunia inaadhimisha Siku ya Usalama wa Chakula. Mmeniomba nizungumzie matunda na mboga za kukata, zitunzwe vipi zisiharibike na zisimdhuru mlaji. Ningeweza kusema habari za maji safi na majokofu mpaka saa saba mchana, na nisingekuwa nimetoka nje ya mada. Lakini ipo njia moja ambayo ikitajwa tu watu wanasogeza viti nyuma, nayo ndiyo iliyonileta: kupitisha chakula kwenye mionzi. Naiunga mkono. Nalisema hilo mapema ili msinisikilize huku mkijiuliza nimesimama upande gani. Naiunga mkono, nina masharti, na masharti yenyewe nitayataja bila kuyapunguza makali.

Kwanza kisu. Tunda zima lina ulinzi wake. Ganda la tikiti ni gumu, na kama halina jeraha, ndani yake pasafi. Kisu kinapopita kinaubeba uchafu wa ganda mpaka kwenye nyama ya tunda, na papo hapo kinapasua seli, maji yanatoka. Maji hayo yana sukari, na bakteria hawahitaji karamu nyingine. Tunda lenyewe nalo bado li hai. Linaendelea kupumua, na likiisha kujeruhiwa linapumua kwa kasi zaidi, linalegea, linabadilika rangi. Ndiyo maana embe zima linakaa siku kadhaa juu ya meza, lakini vipande vyake, bila ubaridi, havifiki kesho vikiwa salama.

Mboga nyingi tunazokatiwa sokoni zinaishia jikoni. Mama mboga wa Nairobi anamkatia mteja sukuma wiki, mteja anakwenda kuibandika jikoni, na moto unamaliza kazi. Moto ndio uliotulinda miaka yote. Nanasi la vipande linalouzwa stendi halina moto. Kachumbari haina moto. Papai, tikiti na embe vikipangwa pamoja kwenye kikasha cha plastiki kwa ajili ya mtu wa ofisini, kati ya kisu na mdomo wa mlaji hakuna kitu kingine chochote. Na biashara hii inakua kila mwaka mbele ya macho yetu, kwa sababu mijini watu hawana muda wa kumenya.

Sasa niwapeleke mbali kidogo. Septemba 2006, nchini Marekani, watu walianza kuharisha damu katika majimbo yaliyo mbalimbali kabisa. Wachunguzi walipofuatilia, walikuta kinachowaunganisha ni spinachi mbichi ya mifuko, ile inayouzwa ikiwa imekwisha kuoshwa na kufungwa, tayari kuliwa. Hesabu ya mwisho ilikuwa wagonjwa 199 katika majimbo 26. Watu 102 walilazwa, 31 wakapata ugonjwa wa figo kushindwa kufanya kazi, watatu wakafariki. Bakteria alikuwa E. koli O157:H7, aina hatari ya bakteria wa tumboni. Njia ilifuatwa mpaka kwenye shamba la Kaunti ya San Benito, California, na bakteria wa aina ile ile wakakutwa kwenye kinyesi cha ng'ombe na cha nguruwe pori karibu na shamba hilo.

Mama zangu, spinachi ile ilikuwa imeoshwa. Ilioshwa kiwandani, na watu waliovaa glavu, katika nchi yenye maji ya bomba na majokofu kila kona. Sisemi hivi ili mtu aache kuosha. Nasema hivi kwa sababu tumezoea kudhani kuosha ndiyo mwisho wa safari. Klorini kwenye maji ya kuoshea inaua bakteria wanaoelea na wale walioko wazi juu ya jani. Lakini jani lina matundu ya kupumulia, lina mikunjo, lina kingo zilizokatwa, na bakteria akishaingia humo maji hayamfuati. Halafu utomvu unaotoka kwenye majani yaliyokatwa unaila ile klorini, nguvu yake inashuka. Na beseni linalooshewa majani ya mashamba mengi kwa pamoja linaweza kuchukua ugonjwa wa fungu moja likaugawa kwa mafungu yote.

Watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walioko Wyndmoor, Pennsylvania, wakiwemo Xuetong Fan na Brendan Niemira, wameifanyia kazi hoja hii kwa miaka mingi. Wamewaingiza bakteria ndani ya majani kwa makusudi, wakaosha kwa klorini, kisha wakajaribu mionzi. Klorini iliwaacha wengi. Mionzi iliwafikia. Kwa E. koli walioko juu ya jani la saladi, dozi ya takriban kilogrei 0.14 (kilogrei ni kipimo cha mionzi ambayo chakula kimeipokea) inaua tisa katika kila kumi. Ukiongeza nyingine kama hiyo, katika waliobaki wanakufa tena tisa katika kumi. Ukifikisha kilogrei 1, hata kama ulianza na milioni moja, hesabu inakwisha. Waliojificha ndani ya jani ni wagumu zaidi, wanataka dozi mara mbili mpaka tatu ya hiyo kwa kila hatua, lakini wanafikiwa.

Agosti 2008, takriban miaka miwili baada ya wale 199, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliruhusu spinachi mbichi na saladi aina ya iceberg zipitishwe kwenye mionzi hadi kilogrei 4 kwa lengo la kuua vimelea. Kabla ya hapo, tangu 1986, matunda na mboga mbichi ziliruhusiwa hadi kilogrei 1 tu, kwa ajili ya kuua wadudu na kuchelewesha kuiva.

Inafanyikaje? Mtambo wa kawaida una kobalti-60, iliyofungwa ndani ya fimbo za chuma. Wakati haitumiki inakaa chini ya dimbwi refu la maji, kwa sababu maji yanaizuia mionzi yake. Kazi ikianza, fimbo zinainuliwa kwa mitambo ndani ya chumba chenye kuta nene za zege, na maboksi ya chakula yanapita kuzizunguka. Hakuna mtu ndani. Mionzi ya gama inapenya boksi, inapenya mfuko, inapenya jani, na njiani inakatakata vinasaba vya bakteria asiweze tena kuzaana. Chakula hakiguswi na kobalti wala hakipati joto la kukipika. Kinatoka kibichi kama kilivyoingia. Ipo pia mitambo inayotumia umeme, ya elektroni au ya eksirei, ambayo ukiizima hakuna mionzi kabisa. Ile ya elektroni haipenyi mbali, sentimita chache tu, kwa hiyo inafaa mifuko myembamba kuliko maboksi yaliyojaa.

Zingatieni kwamba chakula kinapita pale kikiwa kimekwisha kufungwa. Kwangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote. Ukiosha, bado utakata. Ukikata, bado utapanga kwa mkono. Hapa mfuko umefungwa, kinachokufa kinafia ndani, na hakuna mkono mwingine mpaka mteja aufungue.

Najua swali lililoko vifuani mwenu. Je, chakula hicho hakibaki na mionzi? Hakibaki. Ukianika mpunga juani, jioni ukiuingiza ndani huingizi jua. Na hili lina sababu ya kifizikia: nguvu ya gama za kobalti-60 haifiki kiwango cha kukibadilisha kiini cha atomu za chakula, kwa hiyo chakula hakiwezi kugeuka kuwa chanzo cha mionzi. Mwaka 1980 kamati ya pamoja ya wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo FAO, wa shirika la nguvu za atomiki IAEA na wa Shirika la Afya Duniani ilipitia ushahidi uliokuwepo na kuamua kwamba chakula chochote kilichopitishwa kwenye mionzi mpaka wastani wa kilogrei 10 hakina madhara ya sumu kwa mlaji. Kiwango cha kimataifa cha Codex kikatolewa mwaka 1983. Sisi hapa tunazungumzia kilogrei 1 au chini yake.

Wengi wenu mnaosafirisha mazao mnakijua cheti cha mionzi kinachotolewa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, TAEC. Naona hapa ndipo hofu nyingi inapoanzia, na ni hofu ya watu wenye akili. Cheti kile kinaangalia kama chakula kimechafuliwa na vitu vyenye mionzi, kama ilivyotokea mashambani Ulaya baada ya ajali ya Chernobyl mwaka 1986. Huko, vumbi lenyewe la mionzi liliingia kwenye majani na maziwa, likaliwa. Kwenye mtambo ninaouzungumzia, kobalti imefungwa ndani ya chuma na haikutani na chakula. Hayo ni mambo mawili, na anayeyachanganya si mjinga. Hakuna aliyekaa naye akamweleza.

Tena sisi si wageni wa mionzi. Wagonjwa wetu wa saratani pale Ocean Road wametibiwa kwa mashine za kobalti. Glavu na sindano nyingi za kutumia mara moja zinasafishwa kwa mionzi ya gama kabla hazijafika wodini. Na Unguja, kati ya 1994 na 1997, mbung'o waliokuwa wakieneza ugonjwa wa nagana unaoua ng'ombe walitokomezwa kwa kuachia madume waliofugwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi. Madume hao waliachiwa kwa mamilioni. Wafugaji wa Unguja wanafuga leo wakiwa huru na ugonjwa ule, na sijasikia mtu akikataa maziwa yao.

Hatari ipo, na ipo kwa mfanyakazi. Februari 1989, huko San Salvador, kwenye mtambo wa kusafishia vifaa vya hospitali, fimbo za kobalti zilikwama juu badala ya kurudi majini. Mifumo ya kinga ilikuwa imeharibika na kupuuzwa kwa muda mrefu. Wafanyakazi watatu wakaingia kwenda kukwamua, wakapigwa na mionzi mikali, mmoja akafariki. Kwa hiyo mtu akiniambia tujenge mtambo, swali langu la kwanza halihusu nanasi. Nitamuuliza nani atautunza mlango ule miaka 20 ijayo, mafundi wakiwa wamebadilika na bajeti imepungua. Kobalti-60 inapungua nguvu kwa nusu kila baada ya miaka mitano na kidogo, haikungoji upate fedha; lazima uongeze, na ile ya zamani uwe na pa kuipeleka. Nchi isiyoweza kujibu maswali hayo isijenge.

Na kuna habari ya paka. Mwaka 2008 na 2009, nchini Australia, paka kadhaa walipooza miguu baada ya kulishwa chakula kikavu kutoka nje kilichopitishwa kwenye dozi kubwa sana, zaidi ya kilogrei 25. Serikali ikapiga marufuku chakula cha paka kupitishwa kwenye mionzi. Mbwa hawakupatwa. Wapinzani wa teknolojia hii wanaitaja sana, na watetezi wengi wanainyamazia. Mimi naitaja kwa sababu msikilizaji anayeisikia kwanza kwa mpinzani hataniamini tena. Dozi ile ni mara 25 na zaidi ya ile ya jani la saladi, na chakula kile kilikuwa mlo wa paka wale kila siku.

Tuje kwenye ubora, maana chakula salama ambacho kimelegea hakinunuliki. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wauzaji wa mitambo wanapopita haraka. Mionzi haichagui; inapokata vinasaba vya bakteria inavunja pia pektini, ile gundi inayoshika ukuta wa seli za tunda. Ukizidisha dozi, tufaa linakuwa laini na saladi inavuja maji ndani ya mfuko. Vitamini C nayo inapungua kiasi. Saladi na spinachi zinastahimili kilogrei 1 vizuri. Vipande vya tufaa vinalegea mapema, na watafiti wale wa Wyndmoor waligundua kwamba ukivichovya kwanza kwenye askobati ya kalsiamu, yaani vitamini C iliyounganishwa na kalsiamu, vinabaki vigumu na havigeuki kahawia. Kuna ugumu mwingine: boksi likipita kwenye mtambo, pembeni panapata dozi kubwa kuliko katikati. Ukitaka katikati pafike nusu kilogrei, huenda pembeni pakafika moja. Kwa viungo vikavu hilo halisumbui. Kwa nanasi la vipande, ambapo nafasi kati ya kuua bakteria na kuharibu tunda ni nyembamba, boksi lipangwe kwa hesabu, tena liwe dogo.

Jaribio lao ninalolipenda kuliko yote ni la tikiti la aina ya kantalupu. Walilichovya likiwa zima kwenye maji ya nyuzi 76 za Selsiasi kwa dakika 3, wakalipoza, wakalikata, ndipo vipande wakavipitishia nusu kilogrei tu. Maji ya moto yalisafisha ganda kabla ya kisu, mionzi ikamalizia kilichobaki, na dozi ikawa ndogo vya kutosha tikiti lisiharibike. Nusu ya kwanza ya jaribio hilo haihitaji atomu yoyote. Inahitaji sufuria.

Na mionzi ina mipaka yake. Virusi ni vidogo na vigumu. Cha homa ya ini A na norovirusi vinataka dozi ambayo mboga mbichi haiwezi kuivumilia. Kwa hiyo mtu aliyetoka chooni bila kunawa akikata papai, mtambo wa mabilioni hautamwokoa mteja wake. Na jokofu haliwezi kukosekana: bakteria waliosalia wakipata joto watazaana, wakiwa na uwanja wote peke yao. Mionzi inafanya kazi juu ya chakula ambacho tayari ni kisafi. Yeyote anayeitaka ili afiche uchafu wa shamba au wa karakana, huyo simuungi mkono.

Miaka 10 ilipita tangu ruhusa ya 2008, na mwaka 2018 Marekani ikapigwa tena. Safari hii ilikuwa saladi ya romaine kutoka eneo la Yuma, Arizona: wagonjwa 210, majimbo 36, watu watano wamekufa. Bakteria walikutwa kwenye maji ya mfereji. Njia ya mionzi ilikuwa imejulikana, lakini kwenye majani ya mifuko ilikuwa bado haijaenea. Kampuni ziliogopa alama itakayowekwa kwenye mfuko, ziliogopa gharama, na mitambo ilikuwa mbali na mashamba. Inanisikitisha. Ukishajua njia ya kupunguza vifo, kisha ukaiacha kwa kuogopa mteja atasoma nini, umemkosea mteja huyo huyo.

Ndiyo maana sharti langu la kwanza kwetu ni alama. Chakula kilichopitishwa kwenye mionzi kiandikwe hivyo, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka bila miwani. Sheria za Ulaya na Marekani zinadai kiandikwe, na sisi tusiende chini ya hapo. Mnunuzi akikataa, ni haki yake. Shirika la Viwango, TBS, ndilo linalosimamia usalama wa chakula tangu 2019, na TAEC ndiyo yenye dhamana ya mionzi. Wakae pamoja waandike mwongozo sasa, kabla mwekezaji hajaja na mtambo wake na haraka zake.

Mtambo wenyewe hauwezi kusimama kwa nanasi la vipande peke yake. Ghana wana kituo cha gama Kwabenya, nje kidogo ya Accra, chini ya tume yao ya atomiki. India walijenga mtambo mjini Lasalgaon kwa ajili ya vitunguu, na 2007 maembe yao yakapita hapo, kwa dozi ya grei 400, yaani kilogrei 0.4, au zaidi, yakaingia Marekani bila hofu ya wadudu. Sisi tuna karafuu na pilipili manga za Zanzibar, tuna maembe yanayosumbuliwa na inzi wa matunda, tuna hospitali zinazohitaji vifaa visafi. Kituo kimoja karibu na bandari au uwanja wa ndege, chenye kazi hizo zote mwaka mzima, kinaweza kujilipia, na matunda ya kukata yakapata nafasi humo. Tahadhari kwa wasafirishaji: Ulaya kwa ujumla wake inaruhusu viungo na mimea mikavu ya kunukia tu, na nchi chache tu zina orodha zao za ziada, kwa hiyo ulizeni soko kabla ya kupakia.

Vijana wa chuo, karibu kila nilichokitaja leo kimepimwa kwa saladi, spinachi na tufaa la Marekani. Nanasi la Kiwangwa lina asidi yake na nyuzi zake. Papai letu linaiva kwa kasi nyingine. Matikiti yetu yanauzwa kwenye joto la nyuzi 30 na zaidi. Nataka kuona mtu wa hapa akipima dozi, ugumu wa kipande na ladha, siku ya kwanza, ya tatu na ya saba, na kuwapa wauzaji hawa waonje, siyo wanafunzi wenzake tu.

Na ninyi mama zangu, msingoje kobalti. Osheni tunda zima kabla ya kulikata, kwa maji mnayoweza kuyanywa. Tikiti liingie kwenye maji ya moto kwa dakika chache, lipoe, ndipo kisu. Kisu cha nyama kisiguse tunda. Vipande vikae kwenye barafu tangu dakika ya kwanza, barafu iwe chini na juu, na vya jana visichanganywe na vya leo. Manispaa, niliwataja mwanzo nikiwasalimia na sasa nawataja nikiwadai: hakuna hata moja kati ya haya linalowezekana kwenye soko lisilo na bomba.

Maswali nayakaribisha, na ningependa yaanze kwa wauzaji.